Sura ya Nne: Daftari Lisilosahihishwa

“Sina kipaji. Nikianza kuchora sasa, na umri huu, nitaweza kweli?”

Swali hili lina wenyewe wengi. Muuza pembejeo huliuliza kwa mzaha, ili akikatishwa tamaa aseme alikuwa anatania. Mama ambaye watoto wamekwisha kuondoka nyumbani huliuliza kwa sauti ya chini. Mwalimu wa darasa la tatu huliuliza kwa haraka, maana kesho ana kipindi cha sehemu za mmea na ubao hauna huruma.

Sura hii nimeiweka Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, na nitatoka hapo pale tu itakapobidi kuchungulia kwingine. Sababu ni mbili. Kwanza, Sepuka si mahali pa kutegemea duka la vifaa vya sanaa, kwa hiyo hatutapoteza kurasa tukijadili brashi za manyoya na karatasi za bei mbaya. Pili, vya kuchora vimejaa: majabali, kuku, mashamba ya alizeti, plau iliyoegemezwa ukutani, baiskeli yenye gunia la vitunguu nyuma.

Jibu la swali ni ndiyo. Kipaji kipo, sikatai, na wapo watoto wanaochora ng'ombe ukadhani ataondoka kwenye karatasi. Ila kipaji hupimwa kwa mtu ambaye tayari anachora. Kwa mtu ambaye hajashika penseli tangu amalize shule, hatuna cha kupima. Alichonacho ni woga, na woga huo una historia.

Kalamu nyekundu

Jaribu kukumbuka mara ya mwisho uliposhika penseli ili uchore. Kwa Watanzania wengi waliofika sekondari ilikuwa kwenye somo la baiolojia. Panzi, mende, jani na vena zake, ua lililopasuliwa katikati. Masharti yalijulikana: penseli ichongwe vizuri, mstari uwe mmoja usiokatika, kivuli marufuku, na mistari ya majina isipishane. Ukichora mistari ya manyoyamanyoya, alama imeondoka. Ukitia kivuli, nyingine imeondoka. Panzi uliyemhangaikia kipindi kizima alirudi na mkwaju mwekundu kutoka kichwani hadi mguuni.

Masharti yale yana sababu zake. Mchoro wa baiolojia ni wa kuonyesha sehemu. Kivuli kinaweza kudhaniwa kuwa doa la mnyama, na mstari wa pili ukadhaniwa kuwa ngozi ya pili. Sina ugomvi na walimu wa baiolojia. Shida ni kwamba mtu mzima anayekuja kuchora kwa hiari yake hubeba masharti yale yale bila kujua. Anataka mstari wa kwanza uwe wa mwisho. Ukienda kombo anafuta, anachora tena, anafuta tena, karatasi inatoboka, anafunga daftari na kusema alijua tangu mwanzo kwamba hana kipaji.

Wachoraji hawafanyi hivyo. Mchoraji huweka mstari hafifu, akaona umeegemea mno, akaweka wa pili kando yake, na wa tatu, mpaka upatikane mmoja unaokubaliana na macho yake. Huo ndio anaoukoleza. Mingine anaiacha ilipo. Tuiite mistari ya kutafuta. Kwenye karatasi ya mtihani mistari hiyo ni uchafu. Kwenye daftari la michoro ndiyo kazi yenyewe.

Na daftari la michoro ni kitu gani? Ni kitabu chochote ambacho mtu huchoramo mara kwa mara kwa ajili yake mwenyewe, bila kutarajia kumkabidhi mtu akisahihishe. Halitundikwi ukutani. Halipigwi picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, angalau kwa mwaka wa kwanza. Kwenye hili la WhatsApp huwa mkali kidogo, na watu hunishangaa. Lakini fikiria: ukirusha ua ulilochora ukapata “hongera sana” kumi na mbili, kesho utachora nini? Ua lile lile. Umeshapata mwalimu mwenye kalamu ya kijani badala ya nyekundu, na daftari limeacha kuwa lako.

Kwa kifupi:
- Mistari mingi hafifu inaruhusiwa, tena inatakiwa.
- Ukurasa ulioharibika hauchanwi. Fungua unaofuata.
- Hakuna anayeoneshwa bila wewe kutaka.

Mchore kuku, halafu kamtazame

Kabla hujaendelea kusoma, chukua karatasi yoyote umchore kuku. Usitoke nje kumtafuta. Mchore kutoka kichwani, kwa dakika mbili, kisha urudi.

Singida ni mkoa wa kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa mpaka Dar es Salaam, na mtu wa Sepuka amewaona tangu anatambaa. Amewafukuza kwenye mtama, amewashika miguu, amewanyonyoa. Ikiwa yupo mtu anayestahili kuwachora kwa kumbukumbu, ni yeye. Sasa tazama mchoro wako. Umechora vidole vingapi? Wengi huchora vitatu, vyote vikielekea mbele. Kuku wengi wana vinne, kimoja kikiwa nyuma. Mguu umeuchora umenyooka kama fimbo, au una kiungo? Kama una kiungo, kinapinda kuelekea wapi?

Hapa ndipo penye utamu. Kile kiungo kinachoonekana katikati ya mguu wa kuku, kinachopinda kinyume na goti lako, si goti. Ni kifundo. Goti lenyewe limejificha juu, karibu na tumbo, chini ya manyoya. Sehemu ile yenye magamba tunayoiita mguu ni sehemu ya unyayo iliyorefuka, na kuku anatembea kwa vidole maisha yake yote. Ulishika kiungo hicho mara nyingi jikoni, na huenda hukuwahi kukiona.

Jaribu na baiskeli. Mnyororo umeuchora ukifika gurudumu la mbele? Bomba za fremu umeziunganisha wapi? Usione haya. Chuo Kikuu cha Liverpool nchini Uingereza kiliwahi kuwapa watu jaribio la namna hiyo, na wengi walikosea mahali pa mnyororo, pedali au fremu. Baadhi ya baiskeli walizochora zisingeweza hata kukata kona.

Sababu yake ni kwamba akili inapenda kuokoa nguvu. Kwa kila kitu cha kawaida imejiwekea alama fupi: jicho ni mviringo wenye nukta, mti ni fimbo yenye wingu juu, nyumba ni boksi lenye paa la pembetatu. Mtoto wa Unyaturu, hapa Singida, akiambiwa achore nyumba, huchora paa la pembetatu hata kama babu yake alizaliwa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Alama hizo zinatufaa sana kwa kuishi. Usingependa kuanza kuchunguza kifundo cha jogoo wakati anakula mtama wako. Lakini ukikaa kuchora, mkono hufuata alama badala ya kufuata kilicho mbele yako, halafu lawama unaupa mkono.

Mkono unaoweza kuandika jina lako unaweza kuchora kuku. Kinachohitaji kufundishwa ni jicho, na jicho hufundishika kwa kutazama kitu hicho hicho mara nyingi, penseli ikiwa inatembea.

Tabora, jirani zetu wa magharibi, ndiko alikozaliwa Jonathan Kingdon mwaka 1935. Alisomea sanaa, akafundisha uchoraji Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na kuanzia mwaka 1971 akaanza kuchapisha kazi kubwa ya vitabu saba juu ya wanyama wa Afrika Mashariki. Vitabu hivyo wanasayansi huvisoma kwa maelezo yake na huvitazama kwa michoro yake, kurasa kwa kurasa: mnyama akigeuka, akijikuna, misuli yake chini ya ngozi. Kingdon alichora ili ajue. Aliyechora taya la fisi kutoka pande nne ana swali juu ya taya hilo ambalo aliyepiga picha moja hana. Nakutajia huyu kwa sababu wengi hudhani kuchora huanza na kujua, kumbe unaweza kuanza kwa kutojua kabisa.

Vifaa, kwa haraka

Penseli yoyote. Zinazouzwa madukani kwa ajili ya wanafunzi mara nyingi zina alama HB. Herufi H ni ya ugumu na B ni ya weusi; HB iko katikati, 2B ni nyeusi na laini zaidi, 6B inakaribia mkaa. Tofauti hutokana na mchanganyiko wa ndani: ndani ya penseli hakuna risasi, kuna grafaiti, aina ya madini meusi ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu. Ufundi huo uliwekwa sawa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati nchi yake iko vitani na grafaiti safi ya Uingereza haifiki. Kwa kuanzia HB inatosha. Ukienda Singida mjini ukakutana na 2B au 4B, nunua.

Peni ya wino nayo ni nzuri, pengine nzuri kuliko penseli kwa mtu mwoga, kwa kuwa haifutiki. Ufutio uache nyumbani.

Kitabu: kaunta buku lenye jalada gumu linafaa sana. Lina mistari, ndiyo. Baada ya siku chache macho huacha kuiona. Ukitaka karatasi tupu, jishonee:

1. Chukua karatasi kumi za A4, zikunje pamoja katikati.
2. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano kubwa.
3. Shona kwa uzi mzito, ukifunga fundo nje.
4. Gundisha jalada la boksi gumu.

Utapata kurasa 40 za kutosha mfukoni mwa koti, na gharama yake haizidi nauli fupi ya bodaboda.

Dakika zinatoka wapi?

Hili ndilo swali la pili, na ndilo linalowaangusha wengi walioanza vizuri. Mtu ananunua kaunta buku, anapanga kuchora kila jioni kwa saa nzima, anafaulu Jumatatu na Jumanne, Jumatano anapata mgeni, Alhamisi anaona aibu ya Jumatano, na mwisho wa mwezi kitabu kinaandikwa madeni ya dukani.

Saa nzima usiitafute. Tabia mpya ishikize kwenye jambo unalofanya tayari, kama kupe anavyojishikiza kwa ng'ombe, ili iende popote ng'ombe aendapo. Na Sepuka, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi, siku imejaa kusubiri. Unasubiri zamu yako mashineni unga usagwe. Unasubiri ndoo ijae. Unasubiri gari la Singida lijaze abiria, na unajua halitaondoka mpaka lijae kweli. Unasubiri maharage yaive. Chagua kusubiri kumoja tu, kunakojirudia karibu kila siku, ukipe penseli. Dakika tano au kumi zitoshe. Penseli ikae pale pale unapokaa kusubiri. Kama ni jikoni, kaa nayo jikoni, hata kama kurasa zitanusa moshi.

Kilimo nacho kina amri yake. Kuanzia mvua za Novemba au Desemba mpaka palizi liishe, mkulima wa Singida hana jioni. Anarudi amechoka, mikono imekakamaa kwa mpini. Ushauri wa vitabu vya mijini, kwamba usikose hata siku moja, haujawahi kushika jembe. Miezi hiyo punguza hadi kiwango cha kuchekesha: mchoro mmoja wa ukubwa wa kiberiti. Jani moja la alizeti. Kichwa cha jembe. Andika tarehe, funga. Lengo la miezi hiyo ni daftari lisipotee chini ya magunia, basi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, utajilipa.

Ukikosa siku tatu, usizifidie. Hakuna deni. Fungua ukurasa unaofuata uandike tarehe ya leo.

Jabali, kigoda na alizeti

Anayeanza hukwama pia kwa kutojua achore nini. Nina mapendekezo mengi, lakini matatu yanatosha kuanzia, kwa kuwa kila moja linafundisha jambo lake.

Jabali kwanza. Mawe makubwa ya mviringo yaliyobebana, ambayo mgeni akiyaona kwa mara ya kwanza huuliza nani aliyapanga, ni ya itale, mwamba mgumu uliopoa chini ya ardhi zamani sana. Mwamba ulipasuka kwa nyufa, maji yakapita kwenye nyufa, na kona zikaliwa haraka kuliko nyuso kwa sababu kona hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Yaliyobaki ni mawe mviringo. Uzuri wa jabali kwa mwanafunzi ni kwamba halikimbii na halina uso wa kukosea. Ukilichora bovu, hakuna atakayesema halifanani naye.

Lichore hivi. Weka ncha ya penseli kwenye karatasi, kaza macho kwenye ukingo wa jabali, na uanze kuusogeza mkono taratibu kadiri macho yanavyosogea kwenye ukingo ule. Karatasi usiitazame hata kidogo. Jicho likifika kwenye ufa, mkono uingie kwenye ufa. Ukimaliza, tazama. Kitakuwa kituko. Zoezi hili lilienezwa na mwalimu wa Marekani Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, na kazi yake ni kukunyang'anya nafasi ya kurembesha. Lakini chunguza kituko chako: mahali fulani, labda kwenye ufa mmoja tu, kuna kipande cha mstari chenye ukweli ambao usingeubuni. Hicho ndicho ulichoona.

Halafu kivuli, kile kilichokatazwa shuleni. Sepuka iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua la mchana liko karibu kabisa na utosi. Saa sita jabali zima ni jeupe na kivuli kimejificha chini yake. Nenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa pembeni: upande mmoja unawaka, mwingine umezama. Fumba macho nusu, utaona sehemu mbili tu, nuru na giza. Paka giza lote kwa penseli, bila kuchagua. Jabali litainuka kwenye karatasi lenyewe, na hapo wengi hucheka kwa mshangao.

Kigoda ni cha somo jingine. Usikichore kigoda. Chora matundu: nafasi iliyo kati ya mguu na mguu, kati ya kiti na ardhi. Wachoraji huiita nafasi tupu. Akili ina alama ya kigoda, na ina alama ya mguu, lakini haina alama ya uwazi wa pembe nne zilizopinda ulio kati ya miguu. Kwa hiyo inalazimika kutazama. Ukimaliza matundu, kigoda kimejichora. Njia hiyo hiyo itakusaidia kwa miguu ya maksai waliofungwa nira, ambayo bila hivyo ni balaa.

Alizeti utaikuta shambani, na ina siri mbili ambazo mwenye daftari huzigundua bila kuambiwa. Mmea mchanga hugeuka na jua kutwa, mashariki hadi magharibi, lakini ua likikomaa hutulia likitazama mashariki. Kwa hiyo ukitaka kuchora nyuso zao, simama mashariki ya shamba. Ukisimama magharibi utachora migongo. Siri ya pili iko kwenye mbegu. Zimepangwa kwa mizunguko inayopishana, mingine ikielekea kulia na mingine kushoto, na ukihesabu kwa uvumilivu mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Usijaribu kuchora mbegu zote. Chora mizunguko miwili mitatu kila upande na uache jicho limalizie.

Waliochora hapa kabla yako

Husemwa mara nyingi kwamba kuchora ni mambo ya Wazungu au ya watu wa Dar es Salaam. Mtu wa kanda ya kati anaposema hivyo, anakalia urithi wake. Kondoa, mkoa jirani wa Dodoma, kuna mapango na miamba iliyochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma: watu warefu wembamba, twiga, tembo, pofu. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza miamba hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Singida nayo ina michoro yake ya miambani, na mwanaakiolojia Mtanzania Fidelis Masao aliichunguza na kuiandika sambamba na ile ya Kondoa katika miaka ya 1970 na 1980.

Jambo ambalo humgusa anayejifunza ni kwamba kwenye miamba mingi picha zimechorwa juu ya picha. Twiga amepita juu ya watu, na rangi nyeupe za baadaye zimepita juu ya nyekundu za zamani. Maana ya kila mchoro ni suala zito, na baadhi ya mahali hapo, kama pale Kolo, watu bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo siwezi kudai walikuwa wakifanya mazoezi. Ninachosema ni kwamba mwamba uliokwisha kuchorwa haukuwazuia kuchora tena. Ukurasa safi haukuwa sharti.

Mary Leakey, ambaye dunia inamkumbuka kwa mafuvu ya Olduvai na nyayo za Laetoli, alikaa Kondoa mwaka 1951 akinakili mamia ya maumbo hayo kwa kuyafuatisha mstari kwa mstari kwenye karatasi angavu. Shule zilimshinda utotoni. Aliingia kwenye akiolojia kwa mlango wa penseli, akiwachorea wengine zana za mawe kwa ajili ya vitabu vyao.

Na wapo watakaokutajia Edward Saidi Tingatinga, kwa haki kabisa. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na alianza kuchora picha zake karibu mwaka 1968, akiwa ameshavuka miaka 30, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za kiwandani. Hakuwa na darasa la sanaa. Alikufa mwaka 1972, akipigwa risasi na polisi kwa makosa, na muda huo mfupi ulitosha kuzaa mtindo wenye jina lake. Kwa hoja ya umri, Tingatinga anamaliza kesi. Kwa hoja ya kujifunza kutazama, sikushauri uanzie kwake. Chui wake wametoka kwenye fikra na mapambo, na anayeanza kwa kuwaiga huishia kujua kuchora chui mmoja wa Tingatinga. Kuku wa nyumbani kwako atakufikisha mbali zaidi.

“Unaandika nini hapo?”

Mtu aliyekaa juu ya jiwe na daftari, akiinua macho na kuinamisha, havutii imani. Ikungi ni wilaya yenye dhahabu; kuna mgodi Mang'onyi na wachimbaji wadogo Sambaru. Anayekodolea majabali macho huku akiandika anaweza kudhaniwa mtu wa madini, mpima ardhi au mtu wa kodi. Kama wewe ni mgeni kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe. Kama ni mwenyeji, jiandae kwa watoto: watakuja wengi, watasimama nyuma ya bega lako, na watasema ukweli. Wape karatasi na wao. Watanyamaza.

Kuchora watu usikukimbilie, na usimchore mtu kwa kumwibia. Omba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba nikuchore ukiendelea kupeta mtama. Ninajifunza tu.”

“Unichore ili iweje? Ukaiuze?”

“Hapana, mama. Inabaki humu daftarini. Nikimaliza utaiona.”

Akikubali, chora mgongo, mikono na ungo. Uso uache kwanza. Mtu anayefanya kazi hurudia mwendo ule ule, na ukisubiri kidogo mkono utarudi pale ulipokuwa, hivyo unaweza kuendelea na mchoro ule ule bila kumwambia atulie. Mchoro wa haraka ni huo: mistari michache ya kushika mwendo, kabla mambo madogo hayajaanza kukudai. Na akitaka kuona, mwoneshe hata kama ni mbaya, kwa kuwa umeahidi.

Wapo pia ambao imani yao haiwaruhusu kuchora viumbe wenye roho. Nidhamu hiyo haimnyimi mtu chochote cha sura hii isipokuwa kuku, maksai na watu. Majabali, mimea, vyombo, milango na mawingu vinatosha kujaza madaftari ya maisha.

Daftari likikaribia kwisha

Usilisubiri liishe kabisa. Zikibaki kurasa tano au sita, nunua au shona lingine, kwa kuwa hapa ndipo tabia nyingi hukatika: la zamani limejaa, jipya liko dukani Singida mjini, wiki inapita, ya pili inapita, na penseli inaanza kuorodhesha bei za vitunguu.

Kwenye ukurasa wa mwisho mchore kuku tena, safari hii naye ukiwa unamwona, halafu linganisha na yule wa dakika mbili uliyemchora ulipokuwa unasoma sura hii. Hesabu vidole. Tafuta kifundo. Daftari lililojaa litie kwenye ndoo yenye mfuniko au sanduku la bati, lisiguse ukuta wala sakafu, maana mchwa wa Singida wanakula kaunta buku na jalada lake.